Kampeni ya chuo bila tumbaku haianzi na fulana

Vijana wa serikali ya wanafunzi waliniletea rasimu ya kampeni yao niipitie. Wanataka chuo kiwe bila tumbaku, kuanzia getini mpaka mabwenini. Ndani ya rasimu kulikuwa na fulana, kofia, matembezi ya Mei 31 ambayo ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, matarumbeta, mgeni rasmi, na bango la mapafu meusi la kusimikwa mbele ya jengo la utawala. Fulana na chakula cha mgeni rasmi vimekula karibu bajeti yote. Nia yao naiunga mkono kwa mikono miwili. Rasimu nimeirudisha imejaa wino mwekundu.

Kampeni za namna hii tumeshazizoea. Wiki hii watu wanavaa fulana, mwezi ujao fulana zinapigia deki, na mwenye kibanda anaendelea kuuza kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuzungumza naye.

Mimi ningeanzia hapo hapo kibandani. Mwanafunzi wa chuo hanunui pakiti ya sigara. Ananunua moja, labda mbili, kwa sarafu zilizobaki baada ya chipsi. Simama jioni nje ya geti la chuo chochote Dar es Salaam, utamsikia muuzaji kabla hujamwona: anachezesha sarafu kiganjani, chaka chaka chaka, na mkono wa pili umebeba kiboksi chenye karanga, pipi, bigijii, na pakiti za sigara zilizofunguliwa mdomo. Kwenye vibanda, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani. Mteja anawasha, anakiachia kining'inie, anaondoka. Onyo la afya limebaki kwenye pakiti, na pakiti imebaki kwa muuzaji. Mtu anaweza kuvuta tangu mwaka wa kwanza mpaka mahafali bila kulisoma onyo lile hata mara moja. Halafu sisi tunataka kumchapishia onyo jingine, kubwa zaidi, tuliweke utawala anakokwenda kulilia ada.

Uganda waliliona hili. Sheria yao ya 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Utekelezaji wake ni hadithi nyingine, ila angalau wameandika. Huku kwetu tunayo sheria ya 2003, na mwaka 2007 tukajiunga na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Udhibiti wa Tumbaku. Lakini chuo hakihitaji kusubiri Bunge kwa kila jambo. Vibanda na migahawa iliyo ndani ya eneo la chuo ina mikataba ya pango, na mikataba hiyo hufika wakati ikahuishwa. Kifungu kimoja tu kinatosha: hapa haiuzwi bidhaa yoyote ya tumbaku. Hakuna tarumbeta litakalofanya kazi kubwa kuliko kifungu hicho.

Nje ya geti ndiko kwenye kazi. Huko chuo hakina amri, na wanaouza ni watu wanaotafuta riziki. Nilipomgusia mama mmoja mwenye kibanda alicheka: "Mwalimu, hiyo sigara ndiyo inanilipia mchezo wetu wa upatu. Nikiacha, hela ya mchezo utanitolea wewe?" Swali la haki kabisa, na kampeni isiyo na jibu lake itaishia kuhamisha moshi kutoka upande huu wa ukuta kwenda upande ule.

Jibu ninaloliona mimi liko kwenye usiku wa mitihani. Kila aliyesoma chuo anajua mitihani ya mwisho wa muhula (UE) ikikaribia, vimbweta, yaani meza za nje za kusomea, havilali. Watu wanapiga msuli mpaka alfajiri, njaa inauma, usingizi unavuta, na hakuna chochote cha kununua ila sigara ya kibandani na kahawa ikipatikana. Wengi wanaanzia hapo. Sasa chuo kitoe tenda ndogo ya chai ya tangawizi, maziwa, mihogo na mayai ya kuchemsha usiku wakati wa mitihani, na tenda hiyo wapewe wale wenye vibanda waliokubali kuacha kuuza sigara. Mama anapata mchezo wake, mwanafunzi anapata kitu cha moto. Gharama yake sidhani kama inafikia ya fulana.

Utaambiwa sigara inatuliza, hasa wakati wa mitihani. Inamtuliza nani? Nikotini inaongeza mapigo ya moyo. Kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili hivi, na aliyezoea huanza kukereka, umakini unapotea, mkono unatafuta. Akivuta nyingine anajiona ametulia, kumbe ameondoa tu kero iliyoletwa na ile ya kwanza. Ni sawa na kukopa kwenye simu ili ulipe ulichokopa jana kwenye simu. Maneno kama haya, yakisemwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale kwenye kimbweta, yanaingia kuliko picha ya mapafu. Kijana wa miaka 20 mapafu yake anayaona ni ya kesho kutwa. Karatasi ya mtihani ni ya kesho asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo bango lingeweza kulisema na halisemi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika 2018 ulikuta watumiaji ni asilimia 8.7: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2. Maana yake wasiotumia ndio wengi, tena kwa mbali. Lakini mtoto aliyefika juzi kutoka mkoani, anayebebwa na rafiki bwenini kwa kukosa chumba, anawaona wale wanne wanaovuta nyuma ya bweni na kudhani chuo kizima kiko hivyo. Basi wafanye dodoso lao wenyewe, lisilo na majina, na matokeo yabandikwe wiki ile wanayopokea mwaka wa kwanza. Na wakati wanangoja dodoso, wachukue glavu na ndoo, waokote vipisi, wahesabu eneo kwa eneo. Kichungi cha sigara ni plastiki, hakiozi upesi, kwa hiyo vipisi vinasema ukweli ambao watu hawatausema: nyuma ya bweni gani, karibu na karakana ipi, chini ya dirisha la mhadhiri nani. Warudie kuhesabu muhula ujao. Hicho ndicho kipimo, na si idadi ya waliosaini ahadi kwenye kitambaa cheupe.

Nimemtaja mhadhiri makusudi. Rasimu yote inazungumza juu ya wanafunzi, kana kwamba wafanyakazi, madereva na mafundi hawavuti. Marufuku ikimgusa mwanafunzi peke yake haitamaliza mwezi.

Kwenye faini ndipo nilipogombana nao zaidi. Wanataka mlinzi amtoze anayekamatwa. Sote tunajua faini hiyo itaishia wapi: mlinzi ataomba ya soda, mambo yataisha kichakani, na chuo kitakuwa kimemwongezea mlinzi mapato badala ya kupunguza moshi. Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani kilitangaza mpango wake wa kuwa bila moshi mwaka 2009, kikaanza kutekeleza Julai 1, 2011. Miaka miwili ya kuzungumza na watu, na walichoweka mbele ni kukumbushana na msaada wa kuacha. Vijana wangu walitaka kutangaza Mei na kuanza kutoza Juni. Wenye haraka hao hao walikuwa wamepanga pia kona maalumu ya wavutaji, nayo nimeikata. Kona ikishakuwa na benchi na kivuli inageuka kijiwe, na kwenye kijiwe ndiko asiyevuta anakofundishwa. Najua wapo watakaosema nina roho mbaya.

Halafu wasisahau kwamba tumbaku na nikotini si sigara tu. Kuna ugoro, kuna kuberi inayowekwa mdomoni katikati ya kipindi bila mwalimu kujua, kuna sigara za kielektroniki zenye harufu ya embe, na kuna shisha, ambayo Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016. Kanuni ikitaja moshi peke yake, wajanja watahamia kwenye visivyotoa moshi.

Anayetaka kuacha naye asiachwe na kipeperushi mkononi. Siku za mwanzo ndizo ngumu: hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, akili haitulii. Kwa wengi hali hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana kampeni inayoanza karibu na mitihani inamwonea mtu. Ianze muhula unapofunguliwa. Bigijii na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, lakini kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, bei yake ni mlima. Zahanati ya chuo inunue chache, na muuguzi mmoja afundishwe kuuliza kila mgonjwa swali moja tu: unatumia tumbaku, na ungependa kuacha? Fedha isitoke kwa kampuni ya sigara, hata ikija kwa jina la mapipa ya taka au ufadhili wa masomo.

Mwisho kuna vijana ambao rasimu haiwajui kabisa. Wametoka Urambo, Kaliua, Chunya, Namtumbo. Ada yao imetoka shambani, kwa jani hili hili, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakichelewa na wao wanachelewa kusajiliwa. Ukisimama kwenye matembezi ukapiga kelele kwamba tumbaku ni mauti, mwenzako anasikia unamsema baba yake. Lakini yeye ndiye anayejua kuni zinazoteketea kwenye mabani ya kukaushia, na kizunguzungu na kichefuchefu kinavyomkamata mtu aliyeshinda akichuma majani mabichi yenye umande, kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi. Anajua pia kilo ilinunuliwa kwa bei gani na deni la pembejeo lilikuwa kiasi gani. Huyo aingie kwenye kamati sasa, kabla kaulimbiu haijaandikwa, na akisema neno fulani litoke, litoke.