Medali za Olimpiadi ya chesi hupatikana ubao wa nne

Magnus Carlsen ametawala chesi ya dunia kwa zaidi ya miaka kumi, lakini Norway haijawahi kupata hata medali moja ya timu kwenye Olimpiadi ya chesi. Mwaka 2022 kule Chennai, India, timu yake iliingia ikiwa ya tatu kwa ubora kwenye orodha ya mwanzo, ikamaliza ya 59. Simlaumu Carlsen hata kidogo. Namtaja kwa sababu hakuna ushahidi mzito kuliko huo wa jambo ninaloliamini: mashindano ya nchi kwa nchi tunayasoma kuanzia juu kwenda chini, ilhali ushindi wake hujengwa kuanzia chini kwenda juu.

Utaratibu wenyewe unasema hivyo. Leo timu ina wachezaji watano, wanne wanakaa mezani, kwa kawaida aliye bora zaidi ubao wa kwanza na kushuka hadi wa nne, na mmoja ni wa akiba. Mechi moja ni michezo minne inayochezwa kwa wakati mmoja, ushindi ukiwa pointi moja na sare nusu, na pointi ya ubao wa nne ina uzito ule ule wa pointi ya bingwa anayepigwa picha ubao wa kwanza. Akipewa ofa ya sare, mchezaji anaruhusiwa kumuuliza nahodha kama aikubali. Nahodha hajibu lolote kuhusu kete zilizo ubaoni. Anatazama tu hali ya mechi nzima kisha anasema kubali au endelea. Kwa hiyo mtu aliye ubao wa nne mara nyingi huachwa akipambana saa nzima zaidi, macho yamechoka, katika mchezo ambao kama ungekuwa wake peke yake angeshaumaliza kwa sare zamani.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Belgrade, mwaka 1970, Umoja wa Kisovyeti ulipocheza na timu ya dunia nzima kwenye bao kumi, michezo minne kila ubao. Mmarekani Bobby Fischer, nyota wa timu ya dunia, alikubali kukaa ubao wa pili na kumwachia Bent Larsen wa kwanza, kisha akamfunga Msovyeti Tigran Petrosian 3 kwa 1. Larsen, Lajos Portisch na Vlastimil Hort nao walishinda bao zao. Kwenye bao nne za juu dunia ilipata pointi 10.5, Wasovyeti 5.5. Na bado Wasovyeti walishinda mechi kwa 20.5 dhidi ya 19.5, kwa sababu kuanzia ubao wa tano kushuka chini walikaa mabingwa wa zamani wa dunia kama Smyslov, Botvinnik na Tal, na ubao wa kumi alikuwepo Paul Keres, aliyemfunga Borislav Ivkov 3 kwa 1. Watu bado wanasimulia ushindi wa Fischer. Walioishinda mechi ni Keres na wenzake.

Siri ya Wasovyeti kwenye Olimpiadi ilikuwa hiyo hiyo. Walijitokeza kwa mara ya kwanza Helsinki mwaka 1952, wakamwacha nyumbani Botvinnik, bingwa wa dunia wa wakati huo, na wakatwaa dhahabu. Kuanzia hapo hadi 1974 walishinda Olimpiadi 12 mfululizo. Nchi inayoweza kumwacha bingwa wa dunia nje na bado ikashinda haitegemei mtu mmoja.

Kabla yao historia ilikuwa fupi lakini si nyepesi. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lilizaliwa Paris mwaka 1924, na Olimpiadi rasmi ya kwanza ikafanyika London mwaka 1927 kwa timu 16, Hungaria ikashinda. Baadaye Marekani ikatwaa nne mfululizo, kati ya 1931 na 1937.

Kisha ikaja Buenos Aires, 1939, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Ilikuwa mara ya kwanza Olimpiadi kutoka nje ya Ulaya. Mashindano yakiwa yanaendelea, tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Poland. Timu ya Uingereza ikajitoa na kurudi nyumbani. Waliobaki walikuwa watu ambao nchi zao zilikuwa vitani na majina yao yalipangwa kukutana ubaoni. Mechi sita hazikuchezwa kabisa. Zikaandikwa 2 kwa 2, ikiwemo ile ya Ujerumani na Poland. Mwishoni Ujerumani ilikuwa na pointi 36 na Poland 35.5. Yaani dhahabu iliamuliwa kwa nusu pointi, na timu hizo mbili hazikuwahi kukaa meza moja.

Ukiuliza nusu pointi hiyo ilitoka wapi, mtazame Ludwig Engels, ubao wa tatu wa Ujerumani: pointi 14 katika michezo 16. Wachache wanamkumbuka. Hakurudi Ulaya, wala wenzake wa timu hiyo hawakurudi. Wote walibaki Amerika Kusini. Upande wa Poland alibaki Miguel Najdorf, Myahudi, ambaye familia aliyoiacha nyuma iliangamizwa. Miaka 31 baadaye ndiye aliyekaa ubao wa tisa wa timu ya dunia kule Belgrade, akatoka sare ya 2 kwa 2 na Mikhail Tal. Huwa naurudia mstari huo wa matokeo kuliko mingine yote ya mechi ile.

Armenia nayo ni nchi ya watu takriban milioni tatu, na imetwaa dhahabu ya 2006, 2008 na 2012. Levon Aronian alikuwa ubao wa kwanza na alistahili kila sifa aliyopewa. Lakini kati ya dhahabu ya kwanza na ya pili timu ilimpoteza Karen Asrian, aliyefariki Juni 2008 akiwa bado kijana, na miezi michache baadaye wenzake wakaenda Dresden wakashinda tena. Mwaka 2022 Aronian alikuwa ameshahamia Marekani. Armenia isiyo na Aronian ikapata fedha, mbele ya Marekani yenye Aronian.

Nafurahi kwamba kuanzia 2008 msimamo unapangwa kwa pointi za mechi, yaani timu imeshinda mechi au la, si kwa jumla ya pointi za michezo yote. Zamani timu kubwa ilikuwa inaitafuna timu dhaifu 4 kwa 0 na kujilimbikizia pointi. Sasa 2.5 kwa 1.5 inatosha, na aliyeleta ile nusu ana thamani yake kamili. Mwaka huo huo timu za wanawake zikapanda kutoka bao tatu hadi nne, hatua iliyochelewa mno ukizingatia kwamba Olimpiadi yao ilianza 1957.

Najua kuna atakayenikumbusha Chennai. Gukesh wa India, akiwa na miaka 16, alishinda michezo yake minane ya kwanza kwenye ubao wa kwanza wa timu ya pili ya wenyeji. Katika raundi ya kumi alikuwa na nafasi ya kumfunga Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistani, akakosea, akafungwa, mechi ikaisha 2 kwa 2. Uzbekistani ikaenda kuchukua dhahabu, vijana wa India wakapata shaba. Ni kweli, kosa la ubao wa kwanza liliuma. Lakini kwangu mimi funzo ni lile lile: kijana aliyeanza kwa ushindi nane hakuweza kuibeba timu peke yake hadi dhahabu.

Miaka miwili baadaye Budapest, India ilishinda kote, wanaume na wanawake. Gukesh alipata 9 kati ya 10 na dunia nzima ikaandika habari zake. Ubao wa tatu Arjun Erigaisi alipata 10 kati ya 11. Kwa wanawake, dhahabu binafsi mbili za India zilitoka kwa Divya Deshmukh ubao wa tatu na Vantika Agrawal ubao wa nne. Wanaotangaza mechi hizi wana kamera za kutosha ukumbini. Zote zikielekezwa ubao wa kwanza, mtazamaji anakosa mchezo unaoamua mechi.