Semina ya saa nane inayoanza saa tisa

Jamani hizi semina za idara ya uchumi zinachosha. Tangazo kwenye grupu la WhatsApp linasema saa nane kamili, saa nane na nusu projekta bado inatafutiwa waya, mwenyekiti "yuko njiani", na mwanafunzi wa masters kafunga tai pale mbele jasho linamtoka. Haya ikianza, hajafika hata slaidi ya pili profesa kashanyoosha mkono, "kijana, endojeneiti umeishughulikiaje?", yaani utajuaje kipi ni sababu na kipi ni matokeo, kijana anajibu katumia mvua ili apate mabadiliko ya kipato yasiyotokana na kaya yenyewe, basi hapo wakubwa wanaanza kubishana wao kwa wao eti mvua inaharibu na barabara, inaleta na malaria, kwa hiyo inaigusa kaya kwa njia nyingine mbali na kipato, mpaka muda unaisha mtoto wa watu hajaonyesha jedwali hata moja. Hoja ni ya maana sikatai, ila si ina slaidi yake huko mbele?? Na yule wa "sina swali, nina komenti tu", dakika kumi nzima anatusimulia PhD yake. Afu kuna wale wanaotokea sambusa zikifunuliwa, wanafunga na za kwenye tishu, sisi tuliokaa tangu mwanzo tunaambulia chachandu.