Anayebisha Mlangoni Anataka Kuketi Mezani

Mkutano wa injili, uwe Jangwani Dar es Salaam au Uhuru Park Nairobi, haukosi kufika Ufunuo 3:20: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Mhubiri husoma mstari huo, kwaya hushusha sauti, watu huitwa wanyooshe mikono, waje mbele, waifuatishe sala ya toba neno kwa neno. Baada ya dakika tatu au nne wanapigiwa makofi, kisha wanarudi walikotoka. Mwaliko huo nauamini kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana inaniuma kuona tunaukatiza njiani. Mstari wenyewe hauishii kwenye kufungua mlango. Unaendelea: "nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami." Aliyebisha anataka kuketi na mwenye nyumba wale, na kula pamoja kunataka muda.

Tena maneno hayo hayakuandikiwa watu wasiomjua Kristo. Yaliandikiwa kanisa la Laodikia, mji ambao magofu yake leo yako karibu na Denizli, nchini Uturuki. Ulikuwa mji wa matajiri wa fedha na sufu. Tetemeko la ardhi lilipoubomoa mwaka 60, wenyeji waliujenga upya bila kuomba msaada wa Roma. Kanisa lake nalo lilikuwa na roho hiyo hiyo, likijisifu kuwa ni tajiri na halina haja ya kitu. Yesu alikuwa anabisha kwenye mlango wa kanisa lake mwenyewe. Kwa hiyo mzee wa kanisa wa miaka thelathini, mwimbaji wa kwaya na mchungaji aliye mimbarani wamo wote katika mwaliko huu, na hawapaswi kuinamisha vichwa wakidhani wanaoombewa ni wengine.

Desturi ya kuita watu mbele haina umri mkubwa. Mmarekani Charles Finney ndiye aliyeivumisha, hasa katika mikutano yake ya Rochester, jimbo la New York, mwaka 1830 na 1831, alipoweka viti vya mbele kwa ajili ya wale waliochomwa na neno. Mwongozo wa kale unaohusishwa na Hipolito wa Roma, wa karne ya 3, uliwataka wanaojiandaa kwa ubatizo kufundishwa kwa miaka mitatu. Sidai turudi huko. Zakayo alishuka mtini upesi na kumpokea Yesu siku ile ile. Lakini hakupokelewa kwa kurudia maneno: Yesu alikwenda nyumbani kwake, na kabla wageni hawajaondoka Zakayo alikwisha kutaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliyemdhulumu, kurudisha mara nne.

Kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliochipuka hapo ulifika Burundi, Bukoba na Kenya. Waliookoka, wale waliokuja kuitwa Balokole, walijulikana kwa mambo matatu: walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo, waliungama dhambi zao kwa kuzitaja, na walirudisha walivyoiba. Jirani asiyejua chochote kuhusu mafundisho yao aliuona wokovu pale ng'ombe aliporudi zizini. Waliuita ushirika huo kutembea nuruni, wakishika 1 Yohana 1:7. Ulikuwa na kasoro zake, nitazigusa, lakini mambo hayo matatu ndiyo tuliyoyaacha huku tukibaki na sala ya toba peke yake.

Basi nianze na anayealika. Kabla ya kuita, aseme waziwazi mambo manne: Mungu ni nani, dhambi imetutenga naye vipi, Kristo alifanya nini msalabani na kaburini, na kumfuata kutagharimu nini. Hilo la nne ndilo huachwa, ingawa Luka 14:28 inamtaka mjenga mnara aketi kwanza na kuhesabu gharama. Mahali pake pamejazwa ahadi za ajira, mume, mtoto na safari ya ng'ambo. Aliyekuja kwa ajili ya ajira ataondoka ajira isipopatikana, na atasema alimjaribu Mungu akashindwa, kumbe hakukutanishwa naye. Kinanda kisitumike kusukuma. Mhubiri asiseme "bado mmoja, namwona" kama hajamwona mtu. Watoto waitwe kwa namna yao, mbali na umati, maana mtoto hunyoosha mkono kwa sababu jirani yake amenyoosha. Sala yenyewe iwe fupi, na baada ya kuwaongoza watu, waachiwe dakika mbili za kimya kila mmoja aseme na Mungu kwa maneno yake, hata kama ni "nisaidie" tu. Wengi hawajawahi kusema na Mungu bila kuongozwa, na hapo ndipo uhusiano unapoanzia.

Kisha kuna kazi isiyo na kipaza sauti. Kila aliyekuja akabidhiwe kwa mtu mmoja mzima wa jinsia yake, anayeishi karibu naye, siyo kwa kamati. Mlezi huyo aandike jina, simu, mtaa na alama ya karibu, na saa ambazo mwamini huyo mpya hupatikana. Ziara ya kwanza ifanyike ndani ya siku mbili, isizidi nusu saa, na anayetembelea asiende na orodha ya makatazo. Nimesikia waamini wapya wakipewa masharti ya suruali, hereni na nywele kabla ya kufunguliwa ukurasa mmoja wa Injili, nao wakajifunza kumwogopa kiongozi badala ya kumjua Mungu. Aliyetoka familia ya Kiislamu, kama ilivyo kwa wengi pwani, asitembelewe nyumbani kabla ya kuulizwa anataka mkutane wapi. Usimtenge na mama yake kwa haraka yako.

Naye mwamini mpya afanye nini? Aanze na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Kila siku asome kipande cha aya kumi hadi kumi na tano, kwanza kimya, kisha kwa sauti ya chini. Ajiulize Yesu amefanya au amesema nini hapa, na mtu gani katika habari hii anafanana naye. Halafu amjibu Mungu juu ya hicho alichosoma. Akiwa na mashaka kama yule baba wa Marko 9:24, basi naye aseme, "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Robo saa inatosha. Anayeanza kwa kujipangia saa nzima alfajiri mara nyingi huishia siku ya nne, kisha aibu humfanya amkwepe Mungu kwa mwezi mzima. Yesu alisema tuingie katika chumba cha ndani, lakini anayelala na ndugu watano chumba kimoja hana chumba hicho. Aende shambani, atembee barabarani, akae kituoni dakika kumi kabla ya kupanda daladala. Akisoma Biblia kwenye simu, azime data kwanza.

Jambo linaloharibu sala za wengi ni kuzifanya orodha ya mahitaji tu. Zaburi ziko 150 na humo watu wanashukuru, wanatubu, wanakasirika, wanauliza. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana, "hata lini utanisahau?" Ya 88 inamalizikia gizani bila faraja yoyote, nayo imo katika Biblia. Mtu aliyefiwa akikatazwa kusema hivyo kwa kuwa ni "kukiri udhaifu", anafundishwa kumwigizia Mungu. Mimi naona hilo ni baya kuliko kutoomba kabisa. Ukavu nao utakuja. Kutohisi kitu baada ya wiki chache si dalili kwamba Mungu ameondoka. Katika Yohana 15 tunaambiwa tukae ndani yake, wala hatuambiwi kuhisi.

Kuhusu kurudisha na kuungama, hapa panahitaji busara. Aandike majina ya aliowakosea, aanze na mmoja, yule ambaye deni lake linalipika. Kama fedha hazitoshi, aende aseme, wapange malipo kidogo kidogo. Siri aiungame kwa Mungu, na kwa mtu mmoja aliyekomaa anayetunza mdomo wake. Madhara ayaungame kwa aliyeyapata. Hadharani yafike yale tu yaliyofanyika hadharani. Hapo ndipo baadhi ya ndugu wa uamsho walipokosea, ushuhuda wa mtu ukawavua nguo watu wengine waliokuwa wameketi kimya kwenye ibada ile ile.

Neno "binafsi", tunapohubiri uhusiano binafsi na Mungu, limetuletea pia hatari ya kila mtu kuwa na Mungu wake. Katika Sala ya Bwana tunaomba kama ndugu wa nyumba moja: mkate wetu, makosa yetu, Baba yetu. Matendo 2:42 inawataja waamini wa kwanza wakidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa ukanda huu wakizisisitiza tangu miaka ya 1970. Walutheri wana sala za mitaa. Wapentekoste wana seli. Ukiwa na moja, itumie. Yafaa kikundi kisizidi watu kumi na wawili, wakizidi baadhi wanageuka wasikilizaji tu.

Kikundi hicho ndicho kinga dhidi ya sentensi "Mungu ameniambia." Kijana akimwambia binti kwamba Mungu amemwonyesha yeye ndiye mke wake, au nabii akisema ameambiwa utume sadaka ya mbegu leo usiku kabla ya saa sita, maswali ni matatu. Je, linapatana na Maandiko? Je, watu waaminifu wasio na faida nalo wamelipima? Na nani ananufaika ukitii? Anayekukataza kuuliza amekwisha kukujibu. Mungu anayekualika mezani hahitaji dalali wa kukuuzia mafuta na maji ili umsikie.

Limebaki kundi moja ninalolihurumia kuliko yote: wanaokwenda mbele kila mkutano. Wameanguka katika pombe, uzinzi au hasira, wanaamini wamefutwa, wanaomba kuokoka upya. Ndugu mshauri, usimwongoze tena sala ya toba. Mfungulie Luka 15. Yule mwana mpotevu, kabla ya kuanza safari ya kurudi kwao, alipanga kuomba awe kama mmoja wa watumishi. Baba yake alimkumbatia, naye alipofika kusema, ombi hilo la utumishi halikutoka. Kisha msomee 1 Yohana 1:9, maneno aliyoandikiwa mtu ambaye tayari ni wa nyumbani. Mwulize dhambi kwa jina lake, saa gani humkuta na akiwa na nani. Kama ni pombe ya jioni ya mshahara, mtafute jioni hiyo, saa kumi na moja, kabla hajafika kilabuni. Mwulize pia ushirika wake ni upi. Akikosa jibu, usimwelekeze. Kama kikundi chako hukutana Alhamisi, siku hiyo mpitie kwake muende wote.