Kijani kwa shingo upande

Bomba la jikoni kwangu lilidondosha miezi minne kabla sijajishughulisha nalo. Tone, kimya, tone. Ukishalizoea halikusumbui tena, linakuwa kama saa ya ukutani. Aliyechoka nalo ni binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na moja, ule umri wa kumkagua mzazi. Jioni moja akaweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba, akaenda zake kulala. Kesho yake, saa zile zile, akaniita: "Baba, njoo uone." Ndoo imejaa mpaka ukingoni, na bomba linaendelea na kazi yake kana kwamba halijafanya kitu.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa. Kwangu ilikuwa inajaza ndoo, kila siku, miezi minne. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Nilipopiga hesabu nikapata ndoo zipatazo mia na ishirini za maji safi, niliyoyalipia mwenyewe, yameingia kwenye karo bila hata kunawisha kidole.

Nikafunga koki kuu, nikalifungua bomba, nikatoa washa. Kiraba kidogo kuliko kifungo cha koti, kimelika upande mmoja. Kubadilisha kulichukua nusu saa, na dakika ishirini kati ya hizo nilikuwa natafuta spana.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba sikuanza kwa kuipenda dunia. Nilianza kwa uchungu wa kupoteza hela. Na miaka kadhaa baadaye, naamini ubahili ni mlango mzuri wa kuingilia kuliko huruma. Huruma yangu huwaka jioni nikitazama habari, asubuhi imezimika. Ubahili haulali.

Kabla ya ndoo nilikuwa mbishi wa kutupwa. Mtu akinitajia "kuishi kijani", yaani kuishi kwa kutunza mazingira, nilishika mkao wa kujihami. Nilikuwa na hoja zangu, na nyingine bado ninazo. Chukua hili neno "nyayo za kaboni", yaani jumla ya gesi zinazoipasha dunia joto anazosababisha mtu kwa maisha yake. Walioliingiza kwenye vinywa vya watu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, si wanaharakati. Ni kampuni ya mafuta, BP, kwa kampeni kubwa ya matangazo, na mwaka 2004 ikaweka mtandaoni kikokotoo ili kila mtu ajipimie nyayo zake. Yaani anayechimba mafuta ananikabidhi mimi kalamu na karatasi nihesabu dhambi zangu! Hasira yangu kwa jambo hilo haijapoa. Viwanda, mitambo ya umeme na sheria za nchi ndivyo vyenye uzito, na anayekuambia kwamba mfuko wako wa kitambaa utaokoa barafu ya Aktiki anakudanganya au amedanganywa.

Lakini kuwa na hoja nzuri hakuzuii bomba kuvuja. Nilikuwa nikiitumia hoja ya viwanda kama mto wa kulalia.

Basi nikaongoka, na kama waongofu wengi nikaanza vibaya. Nikanunua. Mswaki wa mianzi, mirija ya chuma, chupa ya maji ya chuma huku ninazo mbili za plastiki nzima kabatini, vyombo vya glasi vya kuhifadhia chakula huku vya zamani havijapasuka. Na mifuko ya kitambaa. Kila niliposahau wa nyumbani nilinunua mwingine, nikijisifu kwamba angalau si wa plastiki. Siku moja nikaihesabu ile iliyoning'inia nyuma ya mlango: kumi na minne. Miwili ilikuwa bado na lebo.

Baadaye nikakutana na ripoti ya wakala wa mazingira wa Denmark, ya mwaka 2018, ikapunguza majivuno yangu. Walilinganisha aina mbalimbali za mifuko tangu kutengenezwa hadi kutupwa. Mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike mara zisizopungua 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa athari kwa tabianchi peke yake. Ukijumlisha athari zote walizozipima, pamoja na za maji na tabaka la ozoni, hesabu inapanda hadi mara 7,100. Pamba inakunywa maji, inataka mbolea, inasokotwa, inasafirishwa. Hesabu hiyo haikugusa plastiki inayozagaa baharini, na hapo plastiki ina kesi ya kujibu. Ila mtu mwenye mifuko kumi na minne anayotumia kwa zamu hatafika 7,100 katika uhai wake, wala wa wajukuu zake.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba mhandisi Msweden aliyebuni mfuko wa plastiki tunaoujua, Sten Gustaf Thulin, ambaye hataza yake ni ya mwaka 1965, hakukusudia utupwe baada ya matumizi mamoja. Mwanawe amesimulia kwamba mzee alitembea na mmoja mfukoni, umekunjwa, tayari kutumika tena. Kitu hakikuwa na kosa kubwa kama tabia yetu. Na tabia ile ile ndiyo niliyoihamishia kwenye pamba.

Tangu hapo nimejiwekea sharti moja: cha kijani ni kile ambacho tayari ninacho. Kopo la plastiki litatumika hadi lipasuke. Tangazo lenye jani la kijani pembeni silitazami mara mbili. Mke wangu anasema nimepata kisingizio cha kitaalamu cha kutonunua kitu. Sijakataa.

Lililonifundisha zaidi, hata hivyo, ni birika la umeme.

Nilikuwa askari wa taa. Nilizunguka nyumba nzima nikizima, nikifoka, "Nani kaacha taa huku?" Kumbe balbu zangu zilikuwa zimeshabadilika. Balbu ya zamani ya wati 60 ilipoteza karibu umeme wake wote kwa joto, kweli ilistahili kufokewa. Ya LED inatoa mwanga ule ule kwa wati nane au tisa. (Waliovumbua LED ya bluu, iliyofungua njia ya taa nyeupe za namna hii, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Sidhani kama kuna Nobel iliyoingia nyumbani kwangu waziwazi kuliko hiyo.) Basi huku nafokea wati nane, asubuhi najaza birika pomoni, lita moja na nusu ichemke, nipate kikombe kimoja, yanayobaki yapoe. Mchana nayachemsha tena.

Hesabu yake ni ya darasani tu. Kuchemsha lita moja ya maji, kutoka nyuzi 20 hadi 100, kunataka takribani kilojuli 335. Kwa umeme huo taa ya wati nane ingewaka kwa muda wa saa kumi na moja na nusu. Ndiyo kusema kwamba lita niliyochemsha bure ilikuwa sawa na kuacha taa ya sebuleni ikiwaka usiku kucha, nami ndiye niliyekuwa napiga kelele kuhusu taa ya choo iliyosahaulika robo saa.

Hapo nikaelewa kitu ambacho mahubiri yote hayakunieleza: nyumbani, joto ndilo linalokula. Kupasha maji, kupasha hewa, kupiga pasi, kukausha nguo kwa mashine. Mashine ya kufulia ikipasha maji, sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kwenye kupasha huko, kuzungusha ngoma ni kazi ndogo. Nikahamia maji baridi, nguo zikatakata vilevile, isipokuwa taulo ambazo huwa naziangalia kwa jicho la mashaka. Birika nalipimia kwa kikombe: namimina kikombe cha maji, basi. Hata huhitaji kuwa mtu mwema kufanya hivyo, na linachemka haraka zaidi.

Chakula ni habari nyingine, na hapo nilikuwa mkaidi kuliko pote, kwa sababu niliamini sisi hatutupi. Kila mtu anaamini hivyo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 ulimwengu ulitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Siyo mahotelini, siyo madukani. Kikifukiwa dampo, kinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayonasa joto mara 80 hivi kuliko hewa ukaa, ukipima kwa miaka ishirini. Binti yangu (ndiye yule yule) akapendekeza tupime: wiki moja kila kinachotupwa kiingie kwenye ndoo yenye kifuniko. Siku ya nne nilitaka kuvunja mchezo kwa sababu ya harufu. Akakataa.

Tulichokikuta ni vile vilivyosukumwa nyuma ya friji na vipya. Dawa yake ni rafu moja ya mbele, usawa wa macho, ambayo hakiwekwi kitu kingine isipokuwa kilichobaki. Hakuna aliyelazimika kuhubiriwa: mtu akifungua friji na njaa, anakula anachokiona kwanza.

Kuhusu kuchakata upya sitasema mengi. Niliwahi kukiabudu, nikiosha vikopo kama naviandaa kwa harusi. Watafiti waliokokotoa plastiki yote iliyotengenezwa duniani hadi mwaka 2015 waligundua kwamba katika taka zake ni asilimia 9 hivi tu zilizokuwa zimechakatwa. Bado natenga taka. Ila siwezi tena kununua kwa amani eti kwa kuwa "itachakatwa".

Simu ndiyo iliyonitoa jasho. Napenda simu mpya, nakiri. Ya kwangu ilipoanza kuzima ikiwa na asilimia 30 nilishachagua itakayoirithi. Lakini sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea kabla hujaitoa kwenye boksi, migodini na viwandani. Na taka za vifaa vya umeme zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, ambazo hata robo yake haikuthibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nikampelekea fundi. Akaifungua kwa kuipasha moto kingo ili gundi ilegee, akachomoa betri iliyovimba kama mkate, akaweka nyingine. Akanirudishia, akasema simu ni nzima, iliyochoka ni betri tu. Mwaka wa tatu sasa. Kamera yake ni mbovu, na kila jamaa akitoa ya kwake mpya moyo unanidunda.

Bafu la maji ya moto sijaliacha, na sina mpango. Nalijua vizuri kosa lake: dakika kumi, lita themanini, kupandisha nyuzi ishirini, ni umeme wa kuwasha ile taa yangu ya LED siku tisa na ushee. Nimelipigia hesabu nikiwa ndani yake, mvuke umejaa, na sikutoka.

Juzi nimekuta ndoo bafuni. Ile ile ya lita ishirini, imewekwa mahali maji ya baridi yanapomwagika kabla ya moto kufika. Hakuna aliyeniambia kitu, nami sijauliza. Leo asubuhi ilikuwa imefika robo, nikaitumia kusafishia sakafu.