Mkeka Si Majani ya Porini

Wiki iliyopita, karibu na Ngome Kongwe hapa Bagamoyo, nilimsikia mteja akimwambia mama muuza mikeka kwamba shilingi 40,000 ni nyingi mno kwa majani ya porini, kisha akamtolea 15,000. Mama alizipokea, kwa kuwa jua lilikuwa linatua naye alikuwa hajauza kitu. Nimeudhika tangu siku ile.

Majani hayo ni ukindu, yaani makuti ya mti wa mkindu, uliokatwa ukiwa mchanga, ukaanikwa hadi ukawa mweupe, ukachanwa chane nyembamba zinazolingana, nyingine zikachemshwa kwa rangi. Kisha mama husuka ukili, ule ukanda mrefu wa chane hizo, pima baada ya pima, mara nyingi usiku baada ya kupika na kulaza watoto, na ndipo huanza kuunga ukili kwa ukili, mshono kwa mshono, hadi mkeka utimie. Toa fedha za rangi, za ukindu wenyewe na za nauli, kisha ugawanye kinachosalia kwa siku zote hizo, uniambie kama kuna kibarua wa shamba atakayekubali ujira wa namna hiyo. Fundi wa milango ya nakshi hatumwambii kwamba anauza mbao. Tunamlipa kwa mkono wake na kwa muda wake. Naamini sababu ni moja tu: ukili husukwa barazani, na wanawake, huku wakizungumza, nasi tumezoea kuihesabu kazi hiyo kuwa ni kupitisha wakati. Huo ni udhalimu, hata unapotendwa na watu wema.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kupatana bei ni desturi yetu, na kwamba mkeka wa plastiki ni rahisi. Anayeutaka na aununue. Mikopo ya halmashauri nayo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, ni msaada wa kweli, lakini mkopo hurejeshwa kwa mauzo, na mauzo ya hasara hayarejeshi kitu.

Ningependa wasukaji wa kila mtaa wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeivunja, ili mteja asipate wa kumkimbilia. Nasi wenyeji, tunaonunua mikeka ya harusi na ya misiba, tuwe wa kwanza kulipa bei hiyo kabla ya kuidai kwa watalii.