Goodness Gracious Me, Mzee Ojwang' na swali la nani ameshika kalamu

Nimemaliza kutazama tena msimu wa kwanza wa Goodness Gracious Me, ule ulioanza kuonyeshwa BBC Two Januari 1998, na nina ya kuusifu na ya kuulaumu. Kwa asiyekijua, hiki ni kipindi cha maigizo mafupi ya kuchekesha kilichoanzia redioni, BBC Radio 4, mwaka 1996. Waigizaji wake wakuu ni wanne, wote wenye asili ya Bara Hindi: Sanjeev Bhaskar, Meera Syal, Nina Wadia na Kulvinder Ghir. Huyo wa mwisho alizaliwa Nairobi. Mimi ni mtu wa Kisumu ninayeishi Leicester, mji wa Uingereza ambao ukitupa jiwe sokoni utampata Mhindi mwenye jamaa Mombasa au Jinja, kwa hiyo siwezi kukitazama kama kitu cha watu wa mbali.

Igizo linalojulikana kuliko yote ni lile la mkahawa wa Kiingereza. Kundi la marafiki mjini Bombay wameshalewa, usiku umeenda, na wanaamua kumalizia kwa chakula cha Kizungu. Mhudumu ni kijana Mzungu mpole anayeitwa James, na jina hilo jepesi linawashinda kabisa; wanalivunjavunja bila haya. Wanapayuka, wanamtania, na katika menyu wanatafuta kile kisicho na ladha kupita vyote, maana hapo ndipo uanaume unapopimwa. Mmoja wao anataka kitu chenye viungo kidogo tu, na wenzake wanamkemea: utakujaje kwa Mwingereza halafu ule viungo? Mwishowe wanaagiza na chipsi, sahani 24.

Kila Mwingereza aliyewahi kutoka baa Ijumaa usiku akaingia mkahawa wa Kihindi kumsumbua mhudumu alijiona mle ndani. Hakuna mtu katika igizo lile anayesimama kutoa hotuba kuhusu ubaguzi, wala James hapati nafasi ya kusema ameumia. Wamegeuza meza tu, wakaacha kila kitu kingine kama kilivyo, na igizo likamalizika kabla hujashiba. Nimelitazama tena na tena na bado sijaona sentensi ya kupunguza.

Uzito wake unaonekana vizuri zaidi ukikumbuka yaliyolitangulia. Katika miaka ya 1970, BBC ilikuwa na kichekesho cha kijeshi ambamo Mhindi aliigizwa na Mzungu, Michael Bates, kilemba na yote. ITV nao, kati ya 1977 na 1979, walikuwa na Mind Your Language, lile darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, kila mwanafunzi akiwa amebebeshwa kichekesho cha taifa lake: Kalasinga wa kuomba radhi kila dakika, Mjapani wa kuinama, Mfaransa wa kumtongoza mwalimu. Bosi wa vipindi, Michael Grade, alikiondoa hewani kwa kuwa aliona kinawadhalilisha watu. Sisi Kenya tuliendelea kukionyesha na tulikipenda kweli. Nyumba ilijaa majirani.

Kwa nini watu waliotawaliwa na Mwingereza walicheka kwa moyo mweupe namna ile? Kwa maoni yangu ni kwa sababu darasani mle hamkuwa na Mwafrika. Mzaha ulitupita kando ukawapata wengine, na sisi tukakaa upande wa mwalimu.

Nyumbani tulikuwa na Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, runinga ya taifa ya Kenya. Mzee Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo, mjanja, mwenye makelele, na Kiswahili kilichojaa lafudhi ya ziwani, huku Mama Kayai akimjibu kwa lafudhi hiyo hiyo. Nchi nzima iliwapenda. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu, na Mary Khavere, ambaye ndiye Mama Kayai, naye si Mjaluo. Baba yangu alijua hilo na halikumsumbua hata kidogo. Yeye ni mtu wa kusema "samba" akitaja shamba na "sida" akitaja shida, na alikuwa akicheka hadi anajifuta machozi, akisema huyu Mkikuyu ametusikiliza vizuri. Wanjau alipofariki Julai 2015, nyumbani kwetu alililiwa kama mtu wa ukoo.

Simlaumu Wanjau. Alikuwa msanii mkubwa, na Mzee Ojwang' wake alikuwa na akili na heshima zake hata alipokuwa akidanganya watu. Ninachokilaumu ni kwamba lafudhi ya baba yangu iliingia runingani kwa mlango mmoja tu, mlango wa vichekesho. Wasomaji wa habari hawakuwa nayo. Wakili wa kwenye tamthilia hakuwa nayo, wala daktari. Nilipohamishiwa shule moja Nairobi, wanafunzi waliniita Ojwang' kabla hawajaniuliza jina, na kila nilipoinua mkono darasani kulikuwa na watu walioanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kumcheka mhusika na kuucheka mdomo wa mtu ambaye hajasema lolote la kuchekesha.

Huku Uingereza nilikutana na jambo hilo upya. Katika ghala nililoanzia kazi, mwenzangu mmoja alikuwa akirudia sentensi zangu kwa sauti nzito aliyodhani ni ya Kiafrika. Haikuwa hata yangu. Nadhani aliipata kwenye filamu fulani. Wengine walicheka. Hawakuwa watu wabaya, na mmoja wao alinipa lifti ya kurudi nyumbani majira yote ya baridi. Lakini ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimeanza kusema maneno machache kadiri nilivyoweza, mimi ambaye nyumbani hunyamazishwa. Jioni hizo ndizo nilizoanza kukitazama kipindi hiki. Kiliniondolea uchungu kwa namna ambayo ushauri wa mtu yeyote haukuweza, kwa sababu kilinionyesha watu wenye lafudhi wakiwa ndio wenye mchezo.

Sasa lawama. Msimu huu una wahusika wanaokwenda na mzaha mmoja mfukoni, na mzaha huo hutolewa kila kipindi bila kubadilishwa hata rangi. Yule bwana anayempeleka mwanamke mkahawani, akatamka neno la hovyo, kisha akaitisha bili, alinichekesha mara ya kwanza. Baadaye unamsubiri tu amalize. Mama anayekataa kununua chochote kwa kuwa anaweza kukitengeneza nyumbani bure, mradi apate bilinganya dogo, ni mama ninayemfahamu, wangu ni huyo huyo. Naye pia walimchosha. Ni ugonjwa wa vipindi vya maigizo mafupi kila mahali, hata vyetu: mhusika akipendwa anageuzwa salamu, watazamaji wanapiga makofi kwa kumtambua na mwandishi anapumzika.

Afadhali mara mia ile familia iitwayo Kapoor inayotaka iitwe Cooper, iliyojivika Uingereza kuliko Waingereza wenyewe. Hapo waandishi waliwashika watu wao wenyewe pabaya, pale penye aibu ya kutokea ulikotokea, na mimi huangalia pembeni ninapoitazama kwa sababu Wakenya wa namna hiyo nimekaa nao meza moja hapa Leicester.

Lawama yangu kubwa lakini ni ya kitu ninachotamani kingekuwamo: Afrika Mashariki. Mwaka 1968, serikali ya Kenya ilipokuwa inawabana Wahindi wasio raia kwa vibali vya kazi na leseni za biashara, Bunge la Uingereza lilipitisha ndani ya siku tatu sheria ya kuwazuia kuingia, ingawa mikononi walikuwa na pasipoti za Uingereza hiyo hiyo. Agosti 1972 Idi Amin akawapa wa Uganda siku 90 waondoke, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa. Walikuja. Leo mtaa wa Belgrave Road ni wao, na jiji linajivunia taa zake za Diwali. Tangazo lile ni igizo ambalo tayari limejiandika, na nina hakika waandishi wa kiwango kile wangelifanya likachoma kama lile la mkahawa.

Karibu na mtaa huo kuna mama wa Kigujarati mwenye duka la mboga, mzaliwa wa Kisumu kama mimi. Hunipimia muhogo, huvunja kipande aone kama ndani kumeingia weusi, kisha huniuliza: "Kisumu mvua nanyesha?" Hicho ndicho Kiswahili ambacho wachekeshaji wetu hukiiga wanapotaka kuonyesha Mhindi wa duka, bahili, anayemfokea mfanyakazi. Mama huyu hujua bei ya omena mwaka aliofunga duka la baba yake. Anakumbuka jina la mchukuzi aliyewabebea mizigo hadi stesheni. Kwa Kiswahili chake hicho huniambia mambo ya mji wangu ambayo baba yangu hakuwahi kuniambia.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wahindi kuwa kabila la 44. Vizuri. Je, wewe unayesoma, lini mara ya mwisho uliona kwenye runinga yetu Mhindi wa Parklands au wa Kisumu akiandika mwenyewe vichekesho vya ndoa zao, vya mahekalu yao, vya hofu zao kila uchaguzi unapokaribia? Na vya sisi pia? Maana wao wametutazama kwa zaidi ya miaka mia moja, jikoni na dukani, na wana lao la kusema. Mengine yatauma. Niko tayari kuyasikia, na vivyo hivyo ya Wanubi wa Kibra, ya Wasomali wa Eastleigh, ya Wamakonde wa Kwale.

Nimeshaambiwa na rafiki zangu kwamba nimekaa ughaibuni hadi nimesahau utani, kwamba kwetu makabila hutaniana na hakuna anayekasirika. Utani siujasahau. Mchaga na Mpare hutaniana hata msibani, lakini mtani hujibiwa hapo hapo, tena mbele ya watu wale wale, na kila upande una zamu yake. Mtu akiigizwa miaka arobaini bila kupewa zamu, jambo hilo tulitafutie jina lingine. Na hapa ndipo Uingereza, nchi iliyonifundisha kunyamaza ghalani, ilipotuzidi: kuna siku ilitoa studio, kamera na muda mzuri wa jioni kwa watu iliokuwa ikiwaiga, ikawaacha waandike watakavyo.

Vituo vyetu navyo vinaweza, wala havihitaji fedha za BBC. Igizo la kwanza ningependa liwe la ofisi ya vitambulisho. Kijana Mhindi, kizazi cha nne Kisumu, anaongea Dholuo safi kuliko karani. Karani, aliyezaliwa Nairobi na asiyejua lugha ya babu yake, anamuuliza kwao hasa ni wapi. Kijana anataja kata, kata ndogo na jina la chifu. Karani anauliza tena. Na aandike mwenyewe yule kijana, kwa sababu ni yeye anayejua karani huuliza mara ngapi.