Bodi ya "ndiyo mzee" inamlinda nani?

Nimesoma ripoti ya mwaka ya kampuni moja nikaishia ukurasa wa bodi, hasira zikanipanda. Mjumbe mmoja alifanya kazi na mkurugenzi mtendaji kampuni iliyopita, mwingine wana biashara pamoja, afu wote wameandikwa "wajumbe huru", yaani wasiofungamana na uongozi wa kampuni. Huru kwa nani?

Jamani, kazi kubwa ya bodi ni kumwajiri bosi, kumpangia mshahara na ikibidi kumtoa. Sasa kama bosi ndo amekuleta, na posho ya kikao unaipata mradi yeye hajakuchukia, utamfunga paka kengele saa ngapi?

Na msiniambie dawa ni kuweka watu wenye vyeti. Kamati ya ukaguzi ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliongozwa na profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Stanford, na bado mwaka 1999 bodi ile ikaweka pembeni kanuni zake za maadili ili Andrew Fastow, mkuu wa fedha wa kampuni, aendeshe mifuko yake ya uwekezaji inayofanya biashara na Enron hiyohiyo, yaani mtu mmoja yuko pande zote mbili za dili na wajumbe wamepitisha. Desemba 2001 kampuni ikafilisika, wafanyakazi wakapoteza ajira na akiba za uzeeni walizoweka kwenye hisa zake. Hao ndo naumia nikiwakumbuka, maana wao hawakuwa na kiti kwenye kile kikao.

Nakubali, bodi nzima ya watu wa nje nayo haifai, lazima awepo anayeijua biashara kwa ndani. Na mwenyekiti asiwe huyohuyo mtendaji mkuu, kamati ya Cadbury kule Uingereza, iliyoangalia namna kampuni zinavyosimamiwa, ilionya tangu 1992 kuhusu mtu mmoja kushika maamuzi yote.

Ila hata mjumbe mwenye nia njema anazibwa mdomo na makabrasha. Mia mbili za kurasa zinatumwa usiku, kikao asubuhi, deni jipya limefichwa kwenye kiambatisho, saa sita muhtasari unaandikwa "bodi iliridhia". Mjumbe anayejiheshimu aseme hapo hapo sijasoma, sipitishi, na iandikwe.

Nyie wenye hisa, mkutano mkuu ujao mkiletewa majina msikimbilie kunyoosha mikono. Ulizeni kila jina limependekezwa na nani, na ni lini mara ya mwisho huyo mtu alimkatalia bosi kitu.